Saa Nane za Usiku Hazimo Kwenye Ripoti

Kwenye wodi yetu kila mzee alikuwa na karatasi yake ya mzunguko, visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila saa mbili. Ukiingia chumbani, ukamgeuza ubavu, ukahakikisha hajalowa na kengele iko karibu na mkono wake, unatia alama ya vema na herufi za jina lako. Usiku wa Jumamosi moja, Februari 2018, theluji ilikuwa imefika magotini na mwenzangu akapiga simu kusema gari limekwama barabarani. Nikabaki peke yangu na wazee thelathini. Ilipofika saa moja asubuhi nilikaa kwenye dawati, nyayo zinawaka moto, nikajaza visanduku vyote vya usiku: saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Thelathini mara nne. Karibu nusu ya alama hizo zilikuwa za uongo.

Nalitanguliza hili kwa sababu nitakayoyasema kuhusu bodi, wakaguzi na wakubwa yataonekana kama mashtaka, na sitaki mtu adhani mshtaki alikuwa amesimama nje.

Mimi ni mzaliwa wa Taita. Nilifika Marekani na stashahada ya ualimu ambayo hakuna aliyeiulizia, na kama Wakenya wengi wa huku kaskazini mashariki nikaingia kozi ya wiki chache ya uuguzi msaidizi, kazi ambayo wenyewe tunaiita kwa mzaha "kuosha wazee". Mwaka 2014 niliajiriwa katika makao ya askari wastaafu yanayomilikiwa na jimbo. Jimbo sitalitaja, wala makao. Nilipompigia mama simu kumwambia nitawahudumia wanajeshi wazee alicheka, akasema, "Basi babu yako amekufuata mpaka huko." Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza. Alikwenda Bama, ambayo leo ni Myanmar, na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope ya monsuni, ikafika mto Chindwin. Alirudi na koti zito ambalo halikufaa kwa hali ya hewa yoyote ya kwetu, na mkebe wa biskuti wenye karatasi zake. Nitarudi kwake.

Nyumbani watu wakisikia "makao ya askari" wanadhani ni mali ya jeshi. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka nilipoona hundi yangu ya kwanza ya mshahara ina nembo ya jimbo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaisha, serikali kuu ya Marekani ilianzisha makao kwa ajili ya askari wa kujitolea walioumia vitani. Abraham Lincoln alitia saini sheria hiyo Machi 1865, na ya kwanza yakafunguliwa Togus, Maine, mwaka 1866. Majimbo nayo yakajenga yao, na leo majimbo yote 50 yanayo, pamoja na Puerto Rico. Jimbo ndilo mwenye nyumba. Idara ya Maveterani ya serikali kuu huweza kutoa hadi asilimia 65 ya gharama za ujenzi, hulipa kiasi fulani kwa kila mkazi kwa kila siku, na hutuma wakaguzi kila mwaka. Lakini haiendeshi. Neno hilo nililisikia kila mara jambo lilipoharibika: "Sisi hatuendeshi."

Anayeendesha ni mkuu wa makao. Kwetu mkuu alikuwa chini ya bodi ya wadhamini, wadhamini waliteuliwa na gavana, na pembeni kulikuwa na idara ya jimbo ya maveterani iliyoshika bajeti bila kushika funguo. Niliwahi kumwuliza msimamizi wangu wa zamu bosi wa mkuu ni nani hasa. Akafikiri kidogo. "Inategemea siku," akasema.

Mkuu wetu wa wakati huo alikuwa kanali mstaafu, na tulimwita Kanali. Alikuwa mtu mwema, hilo sitalificha. Alijua mzee gani alikuwa kikosi gani, na siku ya kuzaliwa ya kila mmoja alikuja na keki. Mzee akifa, Kanali mwenyewe alisimama mlangoni na mkono kwenye paji la uso wakati mwili ukitolewa umefunikwa bendera, awe ametoka kitandani au kwenye harusi ya mwanawe. Kuendesha makao ya uuguzi hakuwahi. Leseni ya kazi hiyo hakuwa nayo, na kwetu haikutakiwa. Kanuni za serikali kuu zinamtaka mkuu awe na leseni pale tu ambapo sheria ya jimbo inaidai. Wadhamini nao walikuwa watu wa heshima: maafisa wastaafu, mwanasheria, mwenye duka la magari, mama mmoja aliyempoteza mwanawe vitani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumgeuza mtu kitandani saa nane za usiku.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka minne ya kazi haikunifundisha.

Kanuni za Idara ya Maveterani zinataka kila mkazi apate wastani usiopungua saa 2.5 za uuguzi wa moja kwa moja katika kila saa 24, siku saba za wiki. Hizo ni dakika 150. Ubaoni kwenye korido, karibu na picha za waliohudumu Korea na Vietnam, makao yetu yalibandika takwimu ya kila mwezi: saa 2.9. Rangi ya kijani. Niliipita takwimu ile kila siku nikiingia na kutoka, kama mtu anavyopita picha ya rais kwenye ofisi ya chifu.

Baada ya usiku ule wa theluji nilipata hasira ya kutaka kujua ile 2.9 imetoka wapi, maana dakika zangu mimi nilizijua. Nikachukua ratiba ya wodi na kikokotoo cha simu. Mchana tulikuwa watano pamoja na muuguzi. Jioni wanne. Usiku wawili, na muuguzi mmoja aliyezunguka wodi tatu ambaye sikumhesabu. Watu kumi na mmoja, kila mmoja saa nane, jumla saa 88. Gawanya kwa wazee thelathini: 2.93. Kumbe takwimu haikuwa ya uongo. Nikajaribu usiku wangu wa Februari. Ondoa mtu mmoja, zinabaki saa 80. Gawanya kwa thelathini: 2.67. Bado kijani. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea. Kwa mujibu wa karatasi, usiku ambao wazee thelathini walikuwa na mtu mmoja, dakika kumi na sita kwa kila mzee tangu saa tano ya usiku mpaka jua linachomoza, makao yalikuwa yamevuka kiwango cha serikali kuu.

Mchana ulikuwa umeulipia usiku deni lake. Saa za watu wanne waliokuwa wakinywesha uji na kusukuma viti vya magurudumu kwenda kwenye bingo zilihesabiwa kumlinda mzee anayeanguka saa nane za usiku akitafuta choo.

Na walikuwa wanaanguka. Jumatatu baada ya ile Jumamosi nilimwambia msimamizi. Akasema jambo hilo linajulikana na linashughulikiwa. Nikasubiri. Machi mwenzangu mmoja, dada wa Kisii, akabaki peke yake pia, na mzee wa chumba cha mwisho akavunjika nyonga. Karatasi yake ya mzunguko ilikuwa na alama zote za vema. Dada alinitazama kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaniuliza, "Nawe dadangu, ungeandika nini?" Sikumjibu, kwa sababu alijua tayari ningeandika nini.

Mwenzetu mmoja wa chama cha wafanyakazi ndiye aliyetuambia kwamba mikutano ya bodi ni ya wazi. Sheria ya jimbo inataka hivyo, na ajenda hubandikwa kabla. Miaka minne nilikuwa sijui. Nikaenda siku yangu ya mapumziko, nimevaa gauni la kanisani, nikakaa nyuma. Sijui nilitarajia nini, labda mahakama. Walianza kwa kiapo cha bendera. Kisha kumbukumbu za mkutano uliopita zikapitishwa bila mtu kuzisoma. Dakika arobaini zilikwenda kwa gwaride la Mei, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani: nani ataongoza, bendi ya shule gani, hema litakaa upande gani. Paa la jengo la zamani, dakika kumi. Ripoti ya Kanali ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Wahudumu: 2.9, kijani. Kuanguka kwa wakazi: idadi ya mwezi mzima, bila saa. Mdhamini mmoja akasema, "Tunaendelea vizuri," wengine wakatikisa vichwa, wakahamia kwenye michango ya Krismasi, nasi tulikuwa Aprili.

Nimewafikiria sana wale wazee wa bodi. Ilikuwa rahisi kuwachukia usiku ule, lakini walisoma kile walichopewa. Walichopewa kilitoka kwa Kanali, naye alikitoa kwa mkurugenzi wa uuguzi, naye kwa wasimamizi wa zamu, nao kwenye karatasi za mzunguko. Chanzo cha mto ule kilikuwa kalamu yangu.

Mwisho wa mkutano kulikuwa na muda wa umma, dakika tatu kila mtu. Nilisimama. Kiingereza changu huwa kizuri isipokuwa moyo ukidunda, na siku hiyo ulidunda. Nilisema nafanya kazi ya usiku, kwamba takwimu ni ya kweli na usiku haumo ndani yake, na kwamba naomba wawe wanaonyeshwa kila zamu peke yake. "Nionyesheni saa nane za usiku," nilimaliza, nikakaa. Mwenyekiti akanishukuru kwa utumishi wangu, maneno ambayo huku huambiwa wanajeshi. Yakaandikwa kwenye kumbukumbu hivi: mwananchi alitoa maoni kuhusu wahudumu. Nilikuwa mwananchi, na hata uraia wa Marekani sikuwa nao bado.

Hakikufanyika kitu. Kwa wiki kadhaa Kanali alinisalimu kwa adabu iliyozidi kidogo.

Aliyefanya kitu alikuwa mkazi. Tulimwita Chifu, kwa cheo alichostaafu nacho kwenye jeshi la wanamaji. Mtu aliyekulia Kenya akisikia chifu anamwona bwana wa serikali anayekuja mlangoni kuuliza habari za chang'aa, kwa hiyo mwanzoni nilishindwa kumwita bila kutabasamu. Alikuwa na mguu mmoja, kisukari kilikuwa kimeuchukua wa pili, na alikuwa mwenyekiti wa baraza la wakazi, kikao ambacho sisi wahudumu tulidhani kazi yake ni kulalamikia kahawa. Usingizi wake ulikuwa mbovu. Alikuwa ameusikia ule usiku wa Februari wote, akiwa macho: kengele zinazolia bila kujibiwa, na viatu vyangu vikikimbia upande mmoja wakati sauti inaita upande wa pili.

Chifu hakutoa hotuba. Alinunuliwa daftari na bintiye, akaweka saa ya mkononi kwenye meza ya kitanda, na kwa wiki sita akaandika. Kengele ya chumba jirani imelia saa fulani, imezimwa saa fulani. Alipoona mhudumu mmoja tu kwenye korido aliandika "mmoja". Kisha akalipeleka daftari kwenye baraza la wakazi, likasomwa, likaingizwa kwenye kumbukumbu za baraza neno kwa neno, na nakala ikapelekwa kwa mkuu ikiomba jibu la maandishi. Kanuni za serikali kuu zinautaka uongozi usikilize baraza la wakazi na uchukue hatua juu ya malalamiko yake. Mimi nilikuwa nimesema hewani. Yeye alikuwa ameweka karatasi mahali ambapo haiwezi kupotea.

Nilimwuliza alijuaje. Akasema miaka ishirini na kitu melini inamfundisha mtu kwamba jambo lisiloandikwa kwenye daftari la zamu halikutokea. Kisha akanisimulia habari ya makao mengine, yale ya serikali kuu yaliyoko Washington na Gulfport, Mississippi. Ya Washington yalianzishwa mwaka 1851, na Lincoln alikuwa akikimbilia kwenye eneo lake wakati wa joto. Mpaka leo askari wasio maofisa hukatwa senti 50 za mshahara kila mwezi kuyachangia. "Wale wanaweza kusema nyumba ni yao," akasema. "Hapa mimi ni mgeni wa gavana." Sikukubaliana naye kabisa, lakini nilimwelewa, nimeketi kwenye vyama vya akina mama vya kutosha kujua sauti ya mtu aliyechangia.

Jibu la maandishi lilikuja. Lilisema suala limeshughulikiwa.

Wakaguzi walifika Oktoba. Hawatoi taarifa ya siku, lakini kwa kuwa huja mara moja kwa mwaka kila mtu anaujua msimu, na kwetu uliitwa msimu wa rangi: kuta zinapakwa, sakafu inapigwa nta mpaka wazee wanateleza, na ghafla zamu ya usiku ina watu watatu. Nilidhani tumekwisha. Wataona watatu, wataandika watatu. Lakini mmoja wao, mama mfupi mwenye miwani shingoni, kitu cha kwanza alichoomba ni kumbukumbu za baraza la wakazi za mwaka mzima. Akazisoma peke yake kwenye chumba cha jua. Kisha akaomba ratiba za usiku za Februari na Machi, na karatasi za mzunguko za siku zile zile. Akaziweka bega kwa bega mezani.

Akaniita. Alinionyesha karatasi za ile Jumamosi, alama zangu 120, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulikuwa peke yako. Ulifanyaje hizi?"

Nilisema ukweli. Nilijua unaweza kunigharimu cheti changu, na cheti kilikuwa ndicho chakula cha watoto wangu na karo ya mdogo wangu Voi. Yeye aliandika, akanishukuru. Nilipewa onyo la maandishi na mafunzo upya ya siku mbili. Ajabu ni kwamba nililia kwa ahueni kwenye maegesho. Makao yaliandikiwa upungufu rasmi na kutakiwa kutoa mpango wa marekebisho wenye tarehe na jina la mhusika. Hapo ndipo bodi, kwa mara ya kwanza, ilipoanza kupata takwimu ya kila zamu peke yake. Mstari wa usiku ulitoka mwekundu. Mwenye duka la magari, yule niliyemdharau, akauliza swali ambalo lingestahili kuulizwa miaka mingi nyuma: "Hii nyekundu imekuwepo tangu lini?"

Kuna kitu bado kinanisumbua. Upungufu ule uliandikwa kwa sababu mkaguzi yule alitaka kuuandika. Julai 2019 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, inayolifanyia kazi Bunge la Marekani, ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba si kila kasoro iliyoonekana kwenye makao ya majimbo ilikuwa ikiandikwa kama upungufu. Nyingine ziliitwa mapendekezo tu. Na Idara ya Maveterani ilikuwa haichapishi habari za ubora wa makao hayo ili familia zilinganishe. Binti anayetafuta mahali pa kumweka baba yake angeweza kusoma habari za hoteli kwa urefu kuliko habari za makao yetu.

Halafu ikaja 2020. Kwetu korona iliua, na sitasimulia. Wale waliokufa wana watoto, na mimi bado nasikia mashine za oksijeni nikilala mchana. Nitasimulia ya Holyoke, Massachusetts, kwa sababu iko kwenye kumbukumbu za umma na kwa sababu niliisoma kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa jirani ikaingizwa kwenye sanduku lake.

Makao ya askari ya Holyoke yalifunguliwa mwaka 1952, mali ya jimbo. Machi 27, 2020, wahudumu wakiwa wamepungua, uongozi uliunganisha wodi mbili za wazee wenye ugonjwa wa kusahau, walioambukizwa na wasioambukizwa pamoja. Wazee 42 wakabanwa kwenye nafasi ya 25. Si chini ya maveterani 76 walikufa kwa korona katika makao hayo. Ripoti ya uchunguzi aliouagiza gavana ilitoka Juni, nikaisoma kwenye simu wakati wa mapumziko, usiku baada ya usiku. Kila mtu aliyeisoma aliumizwa na wodi zile, na mimi pia. Lakini nilichorudia kukisoma ni kurasa kavu za muundo: mkuu aliyetoka jeshini, asiye na leseni ya kuendesha makao ya uuguzi, bodi ya wenyeji, idara ya maveterani ya jimbo, na juu yake ofisi kuu ya jimbo ya afya na huduma za jamii. Nani alipaswa kumwajibisha nani? Nilimkumbuka msimamizi wangu. Inategemea siku.

Wenzangu wengi wa kazi walitaka watu wafungwe. Kesi ilifunguliwa, ikatupwa, ikarudishwa na mahakama ya juu ya jimbo, ikaisha mwaka 2024 bila mtu kwenda jela. Jimbo lilikubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 56 kumaliza kesi ya madai ya familia. Mimi, labda kwa sababu ya alama zangu 120, sikuwa na hamu kubwa na jela. Nilikuwa nangojea sheria, na Agosti 2022 Gavana Charlie Baker akaitia saini. Waziri wa maveterani akaingia kwenye baraza la mawaziri la jimbo, yaani kukawa na mtu mmoja ambaye gavana hawezi kusema hakumjua. Mkuu wa makao lazima awe na leseni ya kuendesha makao ya uuguzi. Makao yaingie kwenye usajili wa Medicare (bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee), ambao una wakaguzi wake na kanuni zake. Akawekwa pia mtu wa kupokea malalamiko ya wakazi na familia. Bodi za wenyeji zilibaki, na juu yake likaongezwa baraza la jimbo zima. Hili la mwisho sina hakika nalo. Nikiona bodi juu ya bodi nasikia harufu ya ule mkutano wa Aprili. Lakini la leseni nalitetea mbele ya yeyote, hata mbele ya Chifu, aliyeamini mpaka mwisho kwamba makao ya askari lazima yaongozwe na askari. Tulibishana naye sana. "Huyo msomi wako wa hospitali," aliniuliza, "atasimama mlangoni nikitolewa?" Hilo sikuwa na jibu lake.

Nilisema nitarudi kwa babu. Watu wa nyumbani wakisikia kazi yangu hupenda kusema Wazungu wametupa wazazi wao, sisi tunawatunza wenyewe. Babu alitunzwa na sisi. Alikuwa na wana watano, wakwe, wajukuu, ua umejaa watu. Alipopooza, vikao vya familia vilikaa chini ya mwembe, na nikiwa msichana wa kupeleka chai nilivisikia. Baba mkubwa anauliza: dawa ya mzee? Imeshughulikiwa. Kumgeuza usiku? Kunashughulikiwa. Hakuna aliyedanganya kwa kukusudia. Kila mmoja alidhani ni mwingine. Vidonda vya kulalia vilipoonekana vilikuwa vimefika mfupani. Karatasi zake za Keya zilikuwa salama mkebeni, zimekunjwa vizuri, na wanawe watano wangeweza kukuonyesha nishani yake gizani. Kiswahili chetu kina kitenzi hiki kitamu kisichomtaja mtendaji, na nimekisikia chini ya mwembe na nimekisikia kwenye ukumbi wenye viyoyozi, kikivaa Kiingereza.

Chifu alifariki vuli ya 2021. Kanali alikuwa ameshastaafu. Mkuu mpya, mwanamke aliyekulia kwenye uongozi wa hospitali, mwenye leseni na kipimo cha kila kitu, alikuja kusimama mlangoni. Hakujua mkono uwekwe wapi, akauweka kifuani. Bintiye Chifu alinipa lile daftari. Kurasa za mwisho hazina kengele, zina alama za besiboli.

Sasa karatasi za mzunguko zimekwenda, tunatumia kompyuta ndogo ya mkononi. Majira ya baridi yaliyopita nilibaki peke yangu tena, kwa saa mbili na nusu tu safari hii, mpaka mtu wa akiba alipofika. Saa nane za usiku sikuvifikia vyumba sita. Nilivisimamia vile visanduku kidole kikiwa hewani. Kisha nikaviacha vitupu, nikaendelea na kazi.

Saa moja kasorobo simu ya dawati ililia. Ilikuwa ofisi ya ubora, sauti ya kijana.

"Nina visanduku sita vya saa nane ambavyo havikujazwa," akasema. "Umesahau?"

"Sikufika," nikamwambia.

Akanyamaza. Nikasikia anaandika. Kisha akaniuliza jina langu linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja.